Sabuni ya Kupimia Ukoka

Kila asubuhi, kabla hajashika chombo chochote cha kazi, Marselino alipiga goti pembeni mwa bustani, akashika kishungi cha ukoka na kukivuta taratibu, kama mtu anayejaribu jino la mtoto. Ukoka ukishikilia, aliinuka akaenda kufungua bomba. Auleria, binti wa nyumba ile ya Kinondoni, alizoea kumtazama kutoka dirishani kila aliporudi likizo kutoka chuo kikuu cha Mlimani, kitabu mkononi. Zaidi ya shikamoo na marahaba, hawakuwa na maneno.

Mwaka ule wa themanini na tatu ukoka ulianza kufa kwa mabaka. Baba yake Auleria, Bwana Projestus, mkubwa katika shirika moja la umma, alisema wazi kwamba mtunza bustani anayeua bustani hastahili kuandikiwa barua ya kazi. Na barua ya mwajiri ndiyo iliyokuwa roho ya Marselino. Msako wa wasio na kazi ulikuwa umeanza. Asiye na kitambulisho cha kazi, kilichopatikana kwa barua hiyo, alipakiwa kwenye lori, akarudishwa kijijini. Marselino alitoka Newala miaka kumi na minane nyuma. Kule hakuwa na shamba tena. Alikuwa na mke, Bernadeta, na watoto watatu katika chumba cha kupanga Mwenge.

Bwana Projestus alidhani ni kiu tu. Marselino hakuridhika. Akaja mlango wa jikoni, akamweleza Auleria kwamba huenda ni viwavi, wanaotafuna majani, au funza, wanaokata mizizi, na dawa ya hawa si ya wale. Maji ya sabuni yakimwagwa ukingoni mwa baka, viwavi hupanda juu baada ya dakika chache. Funza hawapandi; hao hufukuliwa. Alihitaji sabuni kidogo. Auleria akaingia stoo, akakata nusu mche, akampa.

Walimwaga ndoo nzima, wakangoja. Hakutokea kiwavi hata mmoja. Ndipo Marselino akachukua jembe, akakata kipande cha ukoka na kukibinua kama chapati. Chini yake walikuwapo funza kumi na wanne, weupe, wamejikunja.

“Mabwana wenyewe hawa,” alisema, na Auleria akamwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Kesho yake angepindua udongo wa yale mabaka upigwe jua, awaokote kwa mkono, watakaobaki awaachie kunguru. Na umwagiliaji wa jioni ungekoma, kwani mbawakawa, wazazi wa funza hao, hupenda kutaga kwenye udongo mbichi.

Jioni mama yake Auleria aliingia stoo, akakuta mche wa sabuni umebaki nusu. Mche ule alikuwa ameupangia foleni tangu alfajiri. Akamwita Marselino uani, mbele ya mumewe. Marselino akajibu kwamba sabuni imeingia kwenye ukoka.

“Tangu lini majani yanaoga?” mama akauliza. “Nyie mkikaribishwa jikoni, mnahamia stoo.”

Auleria alikuwa amesimama mlangoni. Nilimpa mie, mama. Maneno matatu tu, na alikuwa nayo mdomoni. Marselino alimtazama mara moja, kisha akatazama chini. Maneno hayakutoka. Bwana Projestus akasema asirudi tena, na barua aisahau.

Siku ya nne msako ulipita Mwenge. Habari kwamba Marselino amekamatwa zilipofika Kinondoni, Auleria akasema kweli mezani, mbele ya wazazi wote wawili. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba lori la serikali halisimamishwi kwa nusu mche wa sabuni.

Auleria akaenda Mwenge mwenyewe kwa miguu. Alimkuta Marselino uani mwa ofisi ya kata, mgambo langoni, watu wameketi chini wakingoja kupakiwa. Bernadeta alikuwa amepakata sufuria mbili, hakuinua uso. Mtoto mdogo alikuwa amelala juu ya fungu la nguo.

“Shikamoo.”

“Marahaba.” Marselino akauliza kama udongo umeshapinduliwa. Auleria akasema bado. Wasichelewe, akamwambia, wiki mbili tu, bustani yote itakuwa imekwisha.

Lori lilisikika likirudi nyuma kuingia uani. Watu wakaanza kuinuka.

“Mzee Marselino,” Auleria akauliza, “kwa nini hukunitaja?”

“Nilidhani utasema mwenyewe.”