Walimu Walioteremka Bondeni

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Masasi kwenda Newala kwenye mahafali ya mwanangu, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Keti nikusimulie, maana nyumbani kwangu wamechoka kunisikiliza.

Nililala kwa bibi yangu aliyenilea. Ni mzee sana sasa, hatoki nje bila kushikwa mkono. Asubuhi aliniambia, "Watasoma historia ya chuo, mjukuu wangu. Usikilize kama watasema habari ya bondeni."

Nikasikiliza. Msomaji alianzia kilipokuwa chuo cha ualimu, akataja majengo, wakuu waliopita, kozi mpya za uhasibu na kompyuta, hata mti uliopandwa na mgeni rasmi mmoja, na mti wenyewe ulishakauka. Bondeni hakufika. Nilitaka kusimama nipige kelele, nikakumbuka mwanangu amevaa joho mbele za watu.

Basi nitasema mimi. Wewe uliyekulia kwenye mabomba huijui Newala ya utoto wetu. Mji umekaa juu, ukingoni kabisa, upepo na baridi bure, lakini maji yako chini bondeni. Wenye bati walikinga mvua kwenye visima vyao. Sisi wa nyumba za nyasi, kiangazi kikishika, tuliteremka alfajiri kwa kushikilia mizizi, bibi mbele na ndoo, mimi nyuma na kidumu changu. Chemchemi ilitoa maji kwa mashaka, unakinga kwa kata na kungoja zamu. Kisha kupanda. Maji yakikumwagikia mgongoni, ile baridi ya asubuhi inakuingia mpaka kwenye meno. Ukifika nyumbani unachukua ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, iliyochemshwa jana, unakimbilia shule huku unaimenya njiani. Na kengele imeshalia.

Shule yetu ilikuwa ya mazoezi, yaani wanachuo wa ualimu walijifunzia kufundisha kwetu, kama kinyozi mpya anavyojifunzia kichwani kwa mdogo wake. Tuliwapenda. Walikuja na zana za maboksi na udongo wa mfinyanzi, wakatufundisha nyimbo za kwao. Lakini wengi walitoka penye mito na maziwa, na waliwaogopa wakufunzi wao kuliko simba. Mtoto akichelewa, fimbo. Mmoja, kijana kutoka kandokando ya ziwa, alimchapa binti wa jirani yetu mikononi hata kesho yake hakuweza kuinua ndoo.

Bibi hakwenda kumtukana mtu. Alizunguka nyumba kwa nyumba, za Wakristo na za Waislamu, na kulipokucha hakuna mtoto aliyekwenda shule. Tulikaa uani tukibangua korosho na kucheka. Ilikuwa wiki ya ukaguzi! Wakufunzi walipoingia madarasani waliwakuta walimu wamefunga tai, zana zimetundikwa ukutani, wanafundisha madawati.

Mkuu wa chuo akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae, ila maji ya kukupa hatuna."

Akaketi kwenye mkeka. Bibi akamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi hapa tunampa ndoo. Kila mwalimu mpya ateremke nasi mara moja. Akishapanda na maji yake, haya, watoto ni wake."

Mkuu alikubali, angefanyaje? Tangu hapo, wanachuo wapya walipofika, watoto tulijipanga ukingoni kuwangoja. Raha ilioje! Viatu vimeng'arishwa, ngata kichwani imekaa upande, ndoo inayumba, wanaume wazima wanakula mweleka. Kina mama waliwacheka kwanza, kisha wakawapokea ndoo penye mteremko mkali. Yule kijana wa ziwani alifika juu na maji yasiyofika nusu. Akakaa chini palepale vumbini, akamwita binti wa jirani, akamwambia, "Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua." Baada ya hapo, ukichelewa na nguo zimelowa, mwalimu alikuonyesha dawati kwa kidevu, somo likaendelea.

Desturi hiyo haikufutwa na mtu. Chuo kilipewa kozi nyingine, ualimu ukapungua, halafu ukaondoka kabisa, na shule ikatenganishwa na chuo kwa uzio. Anayesomea uhasibu hahitaji watoto wetu ili afaulu, na asiyekuhitaji hakusikilizi. Hilo ndilo linaloniuma. Mabomba yamekuja, sikatai, lakini kiangazi yanatoa upepo. Wenye uwezo wanaletewa madumu kwa bodaboda, wengine bado wanateremka. Siku ileile, mgeni rasmi akipigiwa makofi, nilitazama ng'ambo ya uzio nikaona watoto wamepigishwa magoti getini, sketi zimelowa, mwalimu kijana anapita na fimbo. Nilimfuata, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa mama, lakini muda ni muda." Akaniuliza kama nina mtoto pale. Sina. Akaendelea na kazi yake.

Nilirudi kwa bibi nikiwa nimejiandaa kumfariji, nikidhani atauliza kama wamemtaja. Hakuuliza. Alisema, "Watoto wanaotoka bondeni, wakichelewa wanawaacha wakae?"

Nikamwambia wanawachapa. Akaniamuru nimtoe barazani azungumze na mama zao. Nilimtoa, ingawa moyoni nilijua. Wenzake wa siku zile wameshazikwa. Nyumba za jirani zina wapangaji wanaohama kila msimu wa korosho ukiisha, na hata mimi kule Masasi simjui mama wa mlango wa pili anaitwa nani. Kijiji kilichoweza kuwaweka watoto wake wote nyumbani kwa neno la mwanamke mmoja hakipo tena, na sijui nikidai wapi.

Wanawake walipita na ndoo zao, wakitoka bondeni. "Dada, subiri kidogo," bibi aliita. "Shikamoo, bibi," walimjibu, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote, na hakuna aliyesimama.