Wifi na Baiti Zake Tisa

Ofisini walimwita Mabano, na hakuchukia. Jina hilo alilipata kwa kazi ya mikono yake. Yeye ndiye aliyeandika mfumo wa kupokea taarifa za majokofu ya chanjo kutoka zahanati sitini na tatu, na kila taarifa ilifika kama maandishi ndani ya mabano: kituo namba fulani, saa fulani, joto nyuzi nne nukta tano, betri asilimia sitini, mlango umefungwa. Yeyote anayejua kusoma angeufungua ujumbe ule na kuuelewa. Kwa miaka sita Mabano aliuonea fahari kama mzazi mwenye mtoto anayejua kusalimia wageni.

Kisha akaja wifi yake.

Alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume, mwembamba, mwepesi wa kucheka, tena amesomea programu. Mabano mwenyewe ndiye aliyempelekea mkuu wa kitengo barua yake ya maombi. Wiki za kwanza waliitana wifi, wifi, mpaka wenzao wakapata la kuchekea. "Leo mtandao hausumbui," walisema, "wifi ziko mbili." Mabano alicheka nao. Kufika mwezi wa tatu alikuwa hacheki tena.

Ilianzia kikaoni. Zahanati za mbali zililalamika kwamba ujumbe unakwama njiani, na wifi akanyoosha mkono.

"Ujumbe wetu ni mzito bure," alisema. "Kila dakika kumi unabeba jina la kila kitu. Joto, betri, mlango, tena na tena. Ni kama jirani anayekuja kuomba chumvi, na kila akija anajitambulisha upya ukoo mzima. Tukitumia bainari tutatuma namba tupu, kwa mpangilio tuliokubaliana. Tunajua ya kwanza ni kituo, inafuata saa, inafuata joto. Majina hayana haja ya kusafiri."

Watu wakacheka kwa ile chumvi. Mkuu wa kitengo hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Na mtu akitaka kuusoma kwa macho?" Mabano akauliza.

"Ataona takataka, wifi. Mpaka awe na ule mpangilio."

"Na siku mpangilio ukivurugika?"

"Hautavurugika." Aliyejibu alikuwa mkuu, si wifi, na hapo ndipo roho ilipomuuma Mabano. Mtoto wa juzi tayari alikuwa na mtetezi.

Mabano aliomba apewe kazi ya kulinganisha njia zote mbili. Alisema ni kwa ajili ya uhakika, lakini moyoni alitaka kumwaibisha. Kwa siku mbili alipima. Ujumbe wake wa maandishi ulikuwa na ukubwa wa baiti mia na ishirini na nne. Wa wifi ulikuwa na tisa. Katika zahanati ya mlimani, ambako ujumbe saba kati ya kumi ulikuwa ukipotea, sasa ulipotea mmoja. Alirudia mara nne, mara ya tano akabadilisha hata laini ya simu. Jibu likawa lile lile. Akalipeleka kama lilivyo, maana hakuwa mwongo, na mkuu akaamua bainari ianze kutumika, akamshukuru kwa kumsaidia wifi yake. Neno hilo la kumsaidia alilala nalo wiki nzima.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Jumapili, akimmiminia mama yake chai, aliambiwa: "Nasikia mkaza mwanangu ameifanya ile kazi yako iende. Yule binti ana akili ya moto."

"Ilikuwa inaenda, mama."

"Basi ameiongezea mwendo," mama akasema, akapuliza kikombe chake.

Miezi miwili baadaye wifi aliugeuza mpangilio kidogo. Betri aliitanguliza na joto akaliweka nyuma yake, ili kuacha nafasi ya kipimo kipya cha unyevu. Programu mpya ilitumwa kwenye vifaa vyote vya majokofu Jumatatu. Sitini na viwili vikaipokea. Cha mlimani, kwa mtandao wake wa kusuasua, hakikuipokea, na hakuna aliyejua, kwa sababu ujumbe wake uliendelea kufika.

Jumatano saa nne asubuhi Mabano alikuwa akipitia namba za vituo. Akaona betri ya mlimani: arobaini na moja, hamsini na mbili, arobaini na nne, hamsini. Betri haipandi na kushuka hivyo ndani ya saa moja. Jokofu ndilo hupanda na kushuka hivyo, mlango unapofunguliwa na kufungwa. Na joto husafiri bila nukta: nyuzi nne nukta moja hutumwa kama arobaini na moja. Akaelewa papo hapo. Kifaa kilikuwa kinatuma joto kwanza na betri baadaye, kama zamani, na huku ofisini joto likasomwa kama betri, na betri ikasomwa kama joto. Betri yenyewe ilikuwa kuukuu, haivuki sabini, kwa hiyo ilionekana kama nyuzi saba. Namba isiyomshtua mtu. Katika maandishi yake jambo hilo lisingetokea kamwe, kwa kuwa kila namba ingekuja imeshikana na jina lake.

Wifi alikuwa amekaa meza ya tatu, anakula karanga. Hatua nane tu.

Mabano hakuinuka. Ijumaa wageni kutoka makao makuu wangekuja kuuona mfumo mpya, na tayari alijiona amesimama mbele yao akiuliza, kwa sauti ya upole, kwa nini betri ya mlimani inapumua. Jokofu lilikuwa salama, nyuzi nne, nyuzi tano. Kungoja siku mbili kungemdhuru nani? Alipiga picha za namba zile na kuanza kutengeneza maelezo yake.

Alhamisi aliyapamba maelezo hayo mpaka saa nane mchana. Alipofungua tena ukurasa wa mlimani kutafuta mfano mmoja zaidi, betri ilisomeka mia na nne. Joto likasomeka tatu nukta moja, kijani kibichi, salama salimini. Maana yake betri ilikuwa imebaki asilimia thelathini na moja, inakata roho, na jokofu lilikuwa na nyuzi kumi na nukta nne.

Akapiga simu mlimani.

"Umeme ulikatika alfajiri," muuguzi wa mlimani alisema. "Lakini joto likizidi mnatuletea ujumbe. Sijapata ujumbe wowote, nikajua bado kuna baridi."

"Fungua uangalie, dada. Tafadhali, sasa hivi."

Akasikia mlango wa jokofu, kisha muuguzi akimwita mwenzake alete sanduku la barafu.

Dozi mia na kumi zilitupwa. Akina mama waliokuja na watoto mgongoni siku iliyofuata walirudishwa, wakaambiwa waje wiki nyingine. Ziara ya wageni wa Ijumaa iliahirishwa. Wifi aliandika taarifa ya kurasa mbili akijibebesha kosa lote: hakuweka namba ya toleo la mpangilio mwanzoni mwa ujumbe, hakuhakikisha kila kifaa kimepokea programu. Mabano alimkuta jikoni ofisini, macho mekundu, akiosha kikombe kilichokwisha kutakata.

"Mimi nilijua," akamwambia.

Wifi hakugeuka. "Tangu lini?"

"Jumatano. Saa nne asubuhi."

"Ungeniambia tu. Ningerekebisha kabla ya chakula cha mchana."

Akafunga bomba, akatoka. Mabano angependelea atukanwe.

Jioni hiyo aliandika ukurasa wa tatu wa ile taarifa kwa jina lake mwenyewe. Mkuu aliusoma mara mbili, akampa barua ya onyo, na usimamizi wa mfumo akamkabidhi wifi. Walikubaliana bainari ibaki njiani, ikiwa na namba ya toleo mbele, na ikifika ofisini igeuzwe kuwa maandishi ili mtu aisome. Kipande hicho cha kugeuza alikiandika Mabano, na wifi ndiye aliyekikagua. Kilikuwa na kosa moja. Alionyeshwa kwa adabu.

Alipokwenda mlimani kuweka programu mpya, muuguzi alimshika mkono. "Wewe ndiye uliyetupigia simu siku ile? Mungu akubariki."

"Nilichelewa."

"Si wewe, ni mtandao."

"Haukuwa mtandao," Mabano alisema. "Nilikuwa naona tangu jana yake, nikanyamaza." Muuguzi akauachia ule mkono, akamwonyesha kifaa kilipo.

Siku hizi wifi humwita dada, na huzungumza naye mambo ya kazi tu. Jumapili bado wanakutana kwa mama, na mama bado anamsifia mkaza mwana mbele ya watu. Hajui lolote. Mabano alingoja, Jumapili baada ya Jumapili, siku ambayo wifi angemweleza mkwewe yaliyotokea. Hakumweleza. Anapitisha sukari, anacheka, ananyamaza, na Mabano, akimtazama kutoka upande wa pili wa meza, anamwonea wivu hata kwa kule kunyamaza kwake.