Mpiga Babatoni Niliyemtunza

Shule niliishia darasa la tatu, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Kakao imenijengea nyumba na kusomesha wanangu, na hapa kijijini Ngana nikikohoa kikaoni watu wanageuka. Kwa hiyo mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Singida, aliponiuliza swali la bendi, nilimjibu bila kuwaza.

Tulikuwa tumekaa kando ya majamvi ya kuanikia kakao. "Mzee," akasema, "hawa jirani zenu wa Malawi wana nini? Kila nikivuka Songwe nakuta bendi. Gitaa la galoni la mafuta, nyaya za breki za baiskeli, na wanapiga mpaka unasahau ulichofuata. Huku kwenu mto uleule, lugha karibu ileile, hamna hata moja."

"Njaa, mwalimu. Mtu mwenye shamba hana muda wa kugonga makopo."

Akacheka. "Basi nyie mmeshiba vibaya."

Nilimwona hana adabu. Leo naona alikuwa mpole.

Mwanangu mkubwa ameoa ng'ambo ya mto, kwa Wangonde, ndugu zetu. Kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, tunaita ukutila. Wengi wameiacha. Mimi sikuiacha, tena nilijisifu. Tunakaa ua mmoja na yule binti, na akitaka kupita anakohoa, nami nageukia migomba. Nilimjua kwa kisogo, kwa visigino, kwa khanga alizoanika. Uso wake, hapana. Hata picha ya harusi niliikataa sebuleni. Jumamosi alikuwa akienda kwao kusalimia wazazi, na jioni za siku nyingine nilisikia kinu chake kikidunda nyuma ya nyumba. Nikawaambia watu, mkwe wangu anatwanga mpaka giza, hajui uvivu.

Sikukuu ya mavuno, kanisa likaita bendi kutoka ng'ambo. Nikakaa kiti cha mbele na koti langu. Walikuja wanaume wa magitaa ya galoni, na mwanamke mmoja wa babatoni, ile besi yao: mti mrefu wenye uzi mmoja, umelazwa juu ya ngoma kubwa. Alikuwa anatelezesha chupa juu ya uzi, macho amefumba, na mlio wake unakuingia mbavuni.

"Huyu mke wa nani?" nikamuuliza mwalimu, kwa sauti yangu ya kikaoni. "Aliyemwoa ana bahati. Nyumbani kwake hakulaliki."

Waliokaa karibu wakanyamaza. Nikadhani ni heshima.

Nikatoa noti mbichi, nikainuka, nikacheza hatua zangu za zamani, nikaenda kumbandika noti kwenye paji la uso kama tunavyotunza wapiga muziki. Kidole kilikuwa kimeshagusa jasho lake alipofumbua macho. Chupa ikaanguka. Akajifunika khanga, akanipa mgongo, akakimbilia nyuma ya kanisa.

Nikamjua alipogeuka.

Muziki ukafa. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Mwe, baba, kumbe mkweo humjui?" Watu wakacheka, halafu wakajizuia, na kule kujizuia kukaniuma kuliko kicheko. Noti nilikuwa bado nimeishika.

Mkubwa wa bendi, mtu mzima wa rika la mdogo wangu, alikuja akaongea taratibu. "Baba, hata sisi kwetu tunatila. Ila ngoma ikianza, baba mkwe ndiye anayejificha. Mabinti wote wakimbie wakwe zao, bendi tutazitoa wapi?"

Mwalimu alikuwepo. Aliinama akaokota ile chupa, akaifuta vumbi. Bora angenicheka.

Nyumbani nilimgeukia mke wangu. "Mlikubaliana kunificha?"

"Nani akufiche? Kile kinu unachokisifia jioni ndiyo babatoni. Alikuwa anajifunza kule nyuma, na Jumamosi kwao anapiga na bendi."

"Mbona hamkusema?"

"Ungeuliza. Lakini ulishatuambia wote makopo ni ya wenye njaa."

Baada ya hapo kinu kilinyamaza. Jumamosi ikapita, na nyingine, hakwenda kwao. Hata kukohoa aliacha. Alizunguka na ndoo kwa njia ya mbali, mgongo umepinda kama aliyeiba, na mwizi mwenyewe nikijua ni mimi. Miaka yote nilisema nchi ile ina bendi kwa sababu haina kakao. Kumbe ya kwetu ilikuwa inazaliwa nyuma ya nyumba yangu, na mimi ndiye niliyeizima, kwa koti na noti.

Bendi ilipoalikwa tena kwenye gulio letu, nilimwita mke wangu. "Mwambie siku hiyo niko shambani tangu asubuhi. Sitoki mpaka wamalize."

"Atadhani umekasirika."

"Basi mwambie hivi: baba mkwe ndiye anayejificha."

Siku ya gulio nilikaa katikati ya mikakao, panga mkononi, napasua matunda. Magitaa yakaanza, ngoma ikafuata, na chini yake hapakuwa na kitu. Wimbo wa kwanza ukaisha hivyo hivyo. Nikajisemea, mzee, umeua.

Katikati ya wimbo wa pili ule mlio mzito ukaingia, wenyewe kabisa, nikausikia mbavuni. Nikaweka panga chini. Pale shambani sikuwa na mtu, lakini niligeukia migomba na kuinamisha uso, na sikuuinua mpaka alipomaliza.