Mistari Mitatu ya Juu

Nilikwenda Minneapolis kusomea katiba za makabila, jambo ambalo kwa Mtanzania wa rika langu ni kama kwenda ng'ambo kusomea uchawi. Sisi tulilelewa kuamini kwamba kumuuliza mtu kabila lake ni utovu wa adabu. Shuleni Tanga tuliimba umoja wa taifa mpaka makoo yakakauka, na machifu walikuwa wamefutwa kwa sheria kabla sijazaliwa. Lakini msimamizi wangu chuoni aliponiuliza nataka kuandika tasnifu juu ya nini, nami nikitaka kuonekana mtu wa mawazo, nikajibu: jinsi wenyeji wa asili wa Marekani wanavyojitawala kwenye ardhi zao. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuongea na hata mmoja wao. Kumbe mmoja alikuwa akiishi chini ya sakafu yangu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mtaa wa Phillips, kwenye jengo la matofali lenye ngazi zilizonuka mchanganyiko wa vitunguu vya mataifa yote. Nilichangia chumba na Mkenya wa Mombasa aliyekuwa akiegesha magari ya wageni wa hoteli moja ya Saint Paul, mji wa jirani. Jirani wa chini alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfuaji wa mashuka hospitalini, Mwojibwe, mmoja wa wenyeji hao wa asili, kutoka kaskazini. Jumamosi alikaanga mikate ambayo mwenzangu aliapa ni mahamri yaliyosahau iliki. Tulipoionja mara ya kwanza ndipo nikamweleza mama huyo ninachosomea.

"Unasomea sisi?" akauliza.

"Nasomea katiba yenu, Mama."

"Pole," akasema, akaniongezea mkate.

Tangu siku hiyo akaniita Profesa, na haikuwa heshima. Mwenzangu naye alikuwa na lake: "Nyinyi Watanzania mlifuta machifu wenu, sasa umevuka bahari kusomea machifu wa watu. Si ungebakiza wako?"

Nilijigamba kwa yule mama kwamba naijua katiba ya kabila lake kifungu kwa kifungu. Iliandikwa enzi za bibi yake, wanasheria wa serikali wakiwa wameshika kalamu, na ilifanana na katiba za makabila mengine kama sare za shule. Hata hivyo iliwapa baraza lao, uchaguzi wao na sheria zao ndani ya mipaka yao. Nilianza kumsomea kifungu cha wapiga kura, kile kisemacho kwamba aliyeishi nje ya ardhi ya kabila zaidi ya mwaka hana kura ya baraza. Akaninyamazisha kwa mwiko.

"Usinisomee hicho. Hicho kimeandikwa juu yangu."

Alikuwa ametoka kule akiwa msichana, akifuata kazi. "Nimezaliwa kule, nitazikwa kule," alisema. "Hapo katikati tu ndipo sina ruhusa ya kusema." Hakutaka cheo wala hakudai chochote. Alitaka kupiga kura kwao kabla hajafa, basi. Yeye na wenzake wa mjini walikuwa wakikusanya saini, maana zikitimia, kabila lote lingeulizwa kama kifungu kile kibadilishwe.

Nikajitolea. Kanuni hazikumtaka mkusanyaji awe mwanachama. Nilizisoma mara tatu, na hiyo ndiyo kazi pekee ya kisomi niliyoifanya sawasawa mwaka ule. Kila fomu ilikuwa na mistari ishirini ya jina, saini na namba ya uanachama. Kwa majuma matatu nilipanda na kushuka ngazi za Phillips, theluji ikiingia viatuni, nikigonga milango na kueleza kwa Kiingereza cha vitabuni. Waliofungua wengi walikuwa vijana. Wakubwa wao walikuwa wamelala, wako kazini, au walinitazama kwenye tundu la mlango wakaamua hawapo.

Sasa, mimi nimekulia nyumba ambayo karatasi ya mahudhurio ya kikao haianzwi na mtoto. Mistari ya juu huachwa kwa wazee, hata wakichelewa, hata wasipokuja. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza. Kila fomu niliacha mistari mitatu, nikawaambia vijana, "Anzia wa nne."

Jumanne tukapeleka fomu kwenye ofisi ndogo ya kabila hapo mjini. Karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba shingoni, alipitisha fomu za yule mama bila neno. Alipofika kwenye zangu akavua miwani.

"Hapa nani alisaini?"

"Bado. Hapo ni pa wazee."

"Wazee gani?"

"Watakaokuja," nikasema.

Aliniangalia kama mtu anayeamua aite ulinzi au daktari. Kisha akaeleza taratibu, bila ukali, kwamba mstari mtupu juu ya saini ni mstari ambao yeyote anaweza kuujaza baadaye. Fomu zangu zote hazifai. Fomu za yule mama peke yake hazitoshi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.

Tulirudi kwa miguu. Nilitaka anitukane. Nilimweleza desturi ya kwetu, nikaongeza hadhi ya wazee katika jamii za Afrika Mashariki, na nadhani nilitaja hata kitabu. Tulipofika mlangoni akasema, "Utarudi kila mlango, Profesa. Utawaambia kwa mdomo wako kwa nini wanasaini tena. Nami nitakuwa nyuma yako, nisikose kucheka."

Basi nikarudi. Ukitaka kujua thamani ya shahada yako, gonga mlango wa mtu uliyemsumbua wiki iliyopita, umwambie ulikosea kwa sababu ya adabu. Kijana mmoja aliita nyumba nzima ije isikilize. Msichana mmoja aliuliza kama kwetu hata kwenye foleni ya benki tunawaachia nafasi wazee ambao hawajaja. Nilipomwambia ndiyo, kwa namna fulani, akasaini huku akitikisa kichwa.

Lakini hadithi ile ilipanda ngazi haraka kuliko mimi. Alhamisi nilifika kwa mzee wa ghorofa ya tatu, ambaye awali alinifungia mlango usoni akidhani nauza dini. Safari hii alifungua kabla sijagonga.

"Wewe ndiye uliyeacha nafasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulimwachia nani?"

"Nyinyi."

Akakohoa, akatazama juu ya bega langu kumwona yule mama, aliyekuwa amejifunika mdomo kwa skafu. "Lete kalamu." Akasaini mstari wa kwanza wa fomu mpya, herufi kubwa kama za bango. "Wa kwanza," akasema. "Hata kliniki hawajawahi kuniita wa kwanza."

Wazee wengine nao walisaini, si wote. Dada wa mzee huyo, aliyekuja kumtembelea kutoka kule kwao, alitupinga wazi. "Nyinyi mtapiga kura leo, kesho mnarudi kwenye joto lenu la mjini. Sisi ndio tutakaoishi na mlichochagua." Nilimwingiza kwenye tasnifu bila jina. Ndiye aliyekuwa na hoja nzuri kuliko wote, na hakuwa upande wetu.

Ijumaa karani alipitia fomu moja moja, akizigeuza kutafuta mistari mitupu. Hakukuwa na hata mmoja. Baadaye kabila likaulizwa, na kifungu kikabadilishwa kwa tofauti ya kura chache tu.

Uchaguzi wa baraza ulipofika, mwenzangu akaomba ruhusa kazini. "Nita-drive mimi," alisema. "Wewe utatuingiza ziwani ukifikiria vifungu." Tulikwenda kaskazini saa nne nzima, misonobari pande zote, yule mama kiti cha mbele na kadi yake ya uanachama mkononi tangu tulipotoka mjini. Mbele ya ukumbi alijipaka mafuta ya midomo, akashuka. Sisi wawili tulibaki garini, maana hapakuwa petu. Alikaa ndani muda mrefu kuliko kura inavyotaka. Alikuwa akisalimia watu.

Tulingoja matokeo tukila supu kwa binamu yake. Mgombea wake aliangushwa vibaya.

Njiani alicheka mwenyewe mpaka machozi. "Nimeshindwa!" alisema. "Mmesikia? Nimeshindwa kwetu!" Akajifuta macho, akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma. "Na wewe, Profesa, kwenu umepiga lini?"

Kwetu walikuwa wamepiga kura ya kwanza ya vyama vingi mwaka uliotangulia. Mimi nilikuwa maktaba. Nikatazama nje, kwenye miti. Mwenzangu akaongeza joto la gari, ingawa hakuna aliyekuwa amelalamikia baridi.