Ushahidi Uliofutwa wa Mzee Theodori

Wakili Scholastica alitoka Rombo kuja Babati wakati mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mchanga, akapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo mtaa wa Maisaka. Waliomcheka walikuwa wengi. Mawakili wenye majina walikuwa Arusha, na Mahakama Kuu ilikuwa huko huko. Mtu wa Babati aliyetaka kukata rufaa alilazimika kuifuata. Lakini Scholastica alipenda rufaa kuliko kesi nyingine zote. Katika rufaa hakuna shahidi anayesimama kulia au kutisha watu. Jaji husoma mwenendo wa kesi ulioandikwa kule chini ilikoanzia kesi, husikiliza hoja, kisha huamua. "Kisichoandikwa hakikutokea," aliwaambia wateja wake, na aliamini kwamba kanuni hiyo humlinda mnyonge.

Imani hiyo ilivunjika siku ya rufaa katika kesi ya mteja wake Zuwena.

Zuwena, ambaye wengi humwita Mama Amira, ni mjane anayeuza vitenge. Yeye na marehemu mumewe, Sele, walinunua shamba Singe kwa Mzee Theodori. Waliuziana kwa mdomo, mbele ya majirani ambao baadaye walihama. Sele alipofariki, mdogo wake Ibra akadai kwamba shamba ni la ukoo na mjane hana chake. Kwenye baraza la ardhi, Mzee Theodori alisimama kwa shida akasema, "Niliwauzia wote wawili. Huyu mama ndiye aliyeshika kamba tukipima." Wazee washauri wa baraza walisoma maoni yao kwamba shamba ni la Zuwena, na mwenyekiti akaamua hivyo. Ibra akakata rufaa. Kabla rufaa haijasikilizwa, Mzee Theodori alizikwa kwao Sigino.

Kule Arusha, jaji hakuuliza habari za shamba. Alifungua kurasa, akauliza kwa Kiingereza ni wapi palipoandikwa kwamba washauri walisoma maoni yao mbele ya pande zote mbili. Scholastica alijua waliyasoma, alikuwepo, aliwasikia. Lakini mwenyekiti hakuandika.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "kama kuna kosa, ni la mwenyekiti. Naomba jalada lirudishwe barazani, washauri wasome maoni yao, hukumu iandikwe upya. Ushahidi ubaki kama ulivyo, kwa sababu shahidi mmoja hayupo tena duniani."

Jaji alimsikiliza kwa upole, kisha akabatilisha kila kitu. Kesi ianze upya, mbele ya mwenyekiti mwingine na washauri wengine.

Zuwena alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Shamba lake lilijadiliwa mbele yake kama siri ya watu wengine, naye hakuambulia hata sentensi moja.

"Tumeshinda?" aliuliza walipotoka.

"Hapana, mama. Wala hatujashindwa. Kesi inaanza upya."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mwenyekiti hakuandika kwamba washauri walisoma maoni yao."

"Akose yeye, niadhibiwe mimi? Yeye amefanywa nini?"

"Hajafanywa kitu."

"Na maneno ya Mzee Theodori?"

"Yamefutwa pamoja na mengine."

"Basi wakamfukue Sigino aje aseme tena!"

Ibra alikuwa anashuka ngazi, amekunja koti mkononi. "Pole, shemeji. Safari hii tafuta shahidi anayepumua."

"Nenda zako, Ibra! Ungekuwa na haki usingesubiri kaka yako afe ndipo useme!"

Ibra alicheka, akaenda zake.

Hii ndiyo inayoitwa haki? Mwenyekiti anayelipwa na umma anasahau mstari mmoja, na mjane asiyejua hata kwamba mstari huo unahitajika ananyang'anywa shahidi wake wa pekee. Wenye sheria husema hakuna aliyeonewa, kwa kuwa kila upande unaanza upya sawasawa. Sawasawa kwa vipi, ikiwa mmoja anaanza na ulimi wake na mwenzake anaanza na kaburi?

Scholastica aligeuka, akarudi ndani hadi dirisha la masjala, akaomba kuwasilisha notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani, ili ushahidi wa Mzee Theodori usifutwe.

"Wakili, wengi huanza upya tu," karani alimwambia. "Ni rahisi zaidi."

"Rahisi kwa nani?"

Karani alipokea karatasi akagonga muhuri.

"Na huko juu watasema Kiingereza tena?" aliuliza Zuwena, aliyekuwa amemfuata hadi dirishani.

"Inawezekana, mama. Lakini safari hii utakaa karibu yangu, nikutafsirie neno kwa neno. Na wewe usitoke shambani. Ukitoka tu, Ibra ataingia."

Mvua zilipoanza, Zuwena alifunga duka lake, akaenda Singe kupanda mahindi. Ibra alipita barabarani mara kwa mara, akitazama. Rufaa bado haijapangiwa tarehe.