Daftari la Pili la Mwalimu Naomi

Nakumbuka asubuhi moja niliposhuka kwenye basi kijijini kwetu, huko Mkalama, nimekumbatia tasnifu yangu ya udaktari, jalada jeusi na herufi za dhahabu. Mwanangu, kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nampelekea Mwalimu Naomi, mwalimu mkuu aliyenifundisha kusoma, na njia nzima nilikuwa nasikia vigelegele vyake.

Nilimkuta uani anapepeta uwele, saa nne, siku ya kazi. Nikashtuka, maana mama yule hakukosa shule hata akiwa na homa.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo. Utafiti wangu ulihusu sera ya mahudhurio shuleni. Unajua kwetu uwele ukianza kukomaa ndege hushuka makundi kwa makundi, na watoto hupanda ulingoni, lile jukwaa la miti, kuamia na kuwafukuza mpaka mavuno. Sera haiwajui ndege. Mtoto asipoonekana darasani huandikwa mtoro, mzazi huitwa ofisini, na mzazi akishatishwa mtoto harudi tena. Kwa hiyo Mwalimu Naomi alikuwa na madaftari mawili. La ofisini lilisema wote wapo. La pili lilisema ukweli: nani yuko shamba gani, na amefika wapi kwenye hesabu. Saa nane mchana, jua likiwa kali na ndege wametulia, alizunguka mashambani kwa baiskeli akiwafundisha pale pale chini ya ulingo.

Alinionyesha daftari lile kwa sababu aliniona kama mtoto wake. Maprofesa walilifurahia kuliko sura zangu zote. Msimamizi aliniuliza kama nimewalinda watu wangu, nikasema ndiyo bila hata kukohoa. Jina sikuandika. Niliandika tu kwamba shule inaongozwa na mwanamke, na katika kata ile mwalimu mkuu mwanamke alikuwa mmoja. Kisha nakala ya ofisi ya elimu wilayani nikaipeleka mwenyewe, nipate sifa. Mpumbavu mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuniambia nikae. "Hicho ndicho kitabu?"

"Ndicho."

"Afisa alinisomea ukurasa wangu. Kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, ili niaibike mara mbili. Shule wameninyang'anya, baba. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Nikajitetea kwamba jina lake sikulitaja.

"Jina ulilificha, mimi mwenyewe ukaniweka barabarani. Ungekuja kunisomea kabla, ningekwambia mstari wa kufuta. Mbona ulipokuwa unauliza maswali njia ya hapa uliijua?"

Nikauliza habari za watoto wa ulingoni.

"Iulize sera yako," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Asante ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi.

Mwalimu aliyemrithi aliandika kila kitu kilivyo. Watoro wakawa watoro, wazazi wakaitwa, na wengi hawakukanyaga tena darasani. Mmoja wao anauza mafuta ya alizeti sokoni Ikungi. Juzi aliniamkia, "Shikamoo, Daktari," kisha akanipa simu yake nimsomee ujumbe wa mkewe. Nilimsomea. Uchungu nilioupata sitaki kuusimulia.

Mwalimu Naomi alifariki bila kunisamehe, na simlaumu. Wenzangu husema ulikuwa utafiti mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa na wewe umekuja kuniaga, unakwenda kusomea udaktari wa sera ya elimu. Mwanangu, utapokelewa kwenye nyumba za watu na utaambiwa mambo yanayowalisha. Kabla hujayapeleka kwa maprofesa, rudi kwa aliyekuambia, kaa naye, msomee kwa lugha yake. Akisema futa, futa, hata kama ndiyo sura itakayokupa shahada. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kalamu hawakuitaja, lakini mimi nimejikwaa nayo na sijapona.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe akili ya kujua na adabu ya kunyamaza. Na siku utakayorudi na kitabu chako, umkute aliyekuamini bado yuko kazini kwake.