Maharage ya Mwalimu Nashoni

Mwalimu Nashoni Machage alirudi Susuni kutoka Makerere mwaka 1953 akiwa na suti moja, dadu moja na swali. Sumaku ukiichoma moto inadhoofika, na ikifika joto fulani nguvu yote inakwisha. Kwa nini joto lile lile kila mara? Wenzake walirudi na baiskeli.

Hakuwa na maabara, wala hakuihitaji. Alichotaka ni hesabu. Alichora vyumba mia nne juu ya ngozi ya ng'ombe, kila chumba akaweka harage badala ya chembe ya sumaku: jekundu linatazama juu, jeupe linatazama chini. Sharti ni kwamba kila harage lifuate majirani zake walio wengi. Ila alirusha dadu kwanza. Ikitoka sita, harage lilijiamulia lenyewe. Huo ndio ulikuwa moto. Akitaka kuuongeza, aliruhusu na tano.

Alirusha miaka mitatu. Maharage yaliyopangwa mstari mmoja yalivurugika hata kwa moto mdogo. Ya kwenye mraba yalishikamana, mpaka moto ulipozidi kiasi. Hapo yakachanganyika ovyo. Mke wake, Robi, alivumilia hadi kuku walipokula hesabu ya mwezi mzima.

"Afadhali wao wameshiba," alisema.

Katekista Simioni alimwona anarusha dadu huku ananong'ona namba, akatangaza kanisani kwamba mwalimu anapiga ramli. Nashoni akazuiwa komunyo. Tangazo hilo lilifika mbali kuliko mafundisho yote ya Simioni. Wiki hiyo hiyo Mzee Waitara, aliyepoteza mafahali watatu, alikuja kutoka Nyanungu na jogoo kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Maharage yanasemaje?"

"Hii si ramli, mzee. Ni sumaku."

"Sawa. Inasemaje?"

Nashoni alikuwa amechoka. "Inasema kila mmoja anamtazama jirani yake."

"Jirani," alisema mzee. "Nilijua."

Akaacha jogoo, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, akawakuta mafahali wote watatu wamefungwa nyuma ya ghala.

Basi Nashoni hakupata tena nafasi ya kupumua. Watu walimletea mashauri ya ng'ombe waliopotea na wake waliotoroka. Simioni mwenyewe alipitia migombani kuulizia baiskeli yake. Nashoni akamwambia maharage hayaongei na makatekista.

Mwaka 1957 alimwandikia mwalimu wake wa Makerere kurasa arobaini. Jibu lilisema jambo la mstari lilithibitishwa na Mjerumani mmoja zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na la mraba lilimalizwa Marekani wakati wa vita. Lakini sanduku, yaani miraba iliyopangwa moja juu ya nyingine, hakuna aliyeliweza.

Nashoni alikaa kizingitini mchana kutwa. Mwishowe Robi akamtaka amweleze barua.

"Majibu yenu yanafanana?"

"Yanafanana."

"Basi hukukosea. Umechelewa tu. Hata siku ya harusi ulichelewa."

Nashoni akacheka, ingawa hakutaka.

Kesho yake alikwenda kwa seremala kuagiza kasha lenye rafu ishirini. Fundi akauliza kama ni la kuangulia vifaranga. Nashoni akasema ndiyo.